Somo: Sokwe wa kitenge, mlinzi wa mswada

Tangu nilipoingia kwenye kikao chetu cha waandishi na sokwe wa kitenge, mdoli wa bahati ninayemweka mezani ninapoandika, akichungulia kwenye mkoba, kila mmoja wenu ananidai somo. Haya, deni nalilipa.

Mtauliza kwa nini sokwe, wakati hadithi zetu zimejaa sungura. Sungura mjanja mno. Ukimweka mezani atakufundisha njia za mkato. Sokwe ni jirani yetu: ukitoka Kigoma kwa boti ukafuata ukingo wa ziwa kuelekea kaskazini, unafika Gombe, aliposhuka Jane Goodall, Mwingereza aliyekuja kuwachunguza sokwe, tarehe 14 Julai 1960, msichana wa miaka 26, akiwa na mama yake. Alikuwa na mdoli wa sokwe tangu utotoni, aliyepewa na baba yake mwaka 1935, jina lake Jubilee. Ukubwani akawa anazunguka dunia na mwingine, Mr. H, zawadi ya Gary Haun, mwanajeshi wa zamani wa Marekani aliyepoteza uwezo wa kuona. Haun alidhani anampa sokwe. Goodall akamshikisha mkia, maana sokwe hana mkia! Hata hivyo alimpokea, akasafiri naye miaka mingi.

Basi kanuni ya kwanza mmeshaipata: usiweke mkia. Ukiweka, umeshona tumbili.

Hatua ya 1: Vitambaa. Usinunue. Nenda kwa fundi cherehani jioni anapofagia, umwombe mabaki ya vitenge. Mimi hupata kwa mafundi wa Mwanga, mtaa wa Kigoma mjini, kiroba kizima kwa shukrani tu. Chagua kitenge kizito kisichovutika, ukiloweke usiku kucha kwanza, kikichuja rangi kichujie kwenye beseni na si kwenye karatasi zako. Utahitaji pia kipande cha kaki cha uso, sindano, mkasi, chaki, uzi imara na sufi ya kujazia.

Hatua ya 2: Kukata. Chora kwenye katoni umbo la karanga yenye ganda, urefu sentimita 16, upana 9. Hicho ni kichwa na kiwiliwili kwa pamoja. Mikono iwe ya sentimita 12, miguu 8. Usilinganishe, utapata dubu. Masikio yawe makubwa, ya kukaa ubavuni mwa kichwa. Kila umbo ukate vipande viwili (mikono, miguu na masikio ni vinne vinne), na pembeni uongeze nusu sentimita ya mshono.

Hatua ya 3: Uso. Ushone sasa, kabla hujaunganisha chochote. Baadaye mkono hauingii. Bandika duara la kaki, darizi macho na matundu mawili ya pua. Mdomo uache. Nitaeleza.

Hatua ya 4: Kuunganisha. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa hiyo twende taratibu. Shona mikono, miguu na masikio, vigeuze, jaza sufi kidogo tu kwenye mikono na miguu. Laza kipande cha mbele cha mwili, uso ukikutazama. Panga viungo juu yake *vikielekea ndani*, kana kwamba sokwe anajikumbatia. Funika na kipande cha nyuma, upande mzuri ukitazama chini. Ukiona mikono imetokeza nje, umekosea, anza tena. Piga bandi kuzunguka, halafu rudia kwa mshono wa kurudi nyuma: sindano inaenda hatua moja mbele, inarudi nusu. Acha nafasi ya vidole vitatu ubavuni. Pale shingoni kata vijimkato vidogo vinavyokaribia uzi bila kuugusa, la sivyo shingo itajikunja ukigeuza. Kisha geuza kupitia ile nafasi, ukisukuma kona kwa kitako cha penseli.

Wangu wa kwanza nilimshona ndani ya treni, kati ya Nguruka na Uvinza. Ana sikio moja kwenye shavu. Sikushauri.

Hatua ya 5: Kujaza. Sufi ni nyepesi mno, inaruka. Funga kitambaa puani na ufanyie kazi pasipo upepo. Anza na kichwa, shindilia shingo mpaka iwe ngumu. Chini kabisa, kwenye makalio, weka kijifuko cha mchanga wa ziwa uliooshwa na kukaushwa juani. Huo ndio unaomfanya akae, na akikaa juu ya karatasi, upepo wa ziwa hauzichukui. Nani amesema bahati haina kazi ya mikono?

Hatua ya 6: Tumbo na mdomo. Kabla hujaziba, chukua sentensi moja uliyoipenda ukalazimika kuikata kwenye kazi yako. Iandike kwenye karatasi, ikunje, itie tumboni. Haijafa, imehifadhiwa. Mdomo utaushona siku utakapomaliza mswada, si kabla.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Nzega:* Shikamoo dada. Huku sufi shida, pamba ndiyo tele. Inafaa?

Marahaba mdogo wangu. Inafaa, ila chambua mbegu zote. Mbegu ina mafuta, itatia doa, na panya watamfumua sokwe usiku mmoja.

*Mwanachama wa Kasulu:* Samahani mwalimu, hii si hirizi? Mume wangu ameona ile karatasi tumboni akaniuliza naroga nani.

Pole! Mfungulie asome. Hakuna kombe wala uganga hapa, ni mchezo wa watu wazima. Nikimtoa kabatini na kumweka mezani, mwili unajua saa ya kuandika imefika. Dhamiri ikikusumbua, acha karatasi, sokwe atakaa vilevile.

*Mwanachama wa Ujiji:* Wangu kichwa kinalala kama mlevi.

Shingo haikushindiliwa. Fumua ubavu, ongeza sufi kwa kipande cha kijiti, kidogo kidogo.

*Mwanachama wa Urambo:* Naandika usiku kwa mshumaa. Naweza kumweka karibu?

Usithubutu. Sufi hushika moto haraka sana. Mweke upande wa pili wa meza, na akichafuka usimloweke, sufi itafanya mabonge. Mfute kwa kitambaa chenye unyevu, umwanike.

*Mwanachama wa Kigoma mjini:* Mtoto wangu amemng'ang'ania, halali bila yeye.

Basi umeshampoteza, shona mwingine. Hakikisha tu macho ni ya uzi na si vifungo, vifungo humezwa. Na mfuko wa mchanga uutoe.

*Mwanachama wa Tabora:* Dada, wewe mwenyewe umeshona midomo mingapi?

Mmoja. Ninao watatu.