Fuata Faili: Namna ya Kupunguza Ucheleweshaji katika Utawala wa Hospitali

Anayetaka kuharakisha kazi za utawala hospitalini asianze kwa kununua kompyuta wala kuitisha kikao, bali aanze kwa kufuata faili moja kwa miguu. Chagua utaratibu mmoja tu, kwa mfano ule wa kumruhusu mgonjwa kurudi nyumbani, kisha ukiwa na saa na daftari ulifuate faili lake kutoka mezani kwa daktari hadi dirisha la malipo, ukiandika lilifika saa ngapi kila kituo, lilishughulikiwa saa ngapi na liliondoka saa ngapi.

Tuseme daktari ametia saini saa 3 asubuhi na mgonjwa ametoka saa 9 alasiri. Ukijumlisha kazi yenyewe, yaani dakika 10 za kuandika muhtasari wa matibabu, 12 za dawa, 15 za ankara na 5 za malipo, unapata dakika 42. Zile 318 zilizobaki faili lilikuwa limelala kwenye trei, kwa kuwa mhudumu hukusanya mafaili mara mbili tu kwa siku, au lilikuwa limerudishwa wodini kutafutiwa namba ya bima. Kumhimiza karani wa ankara aongeze kasi kutaokoa dakika chache na kumvunja moyo bure, ilhali faili likipelekwa mara tu linapotiwa saini, huenda mgonjwa akapata saa nzima.

Rudia zoezi hili kwa mafaili 20 au 30 ya siku na zamu mbalimbali. Usitegemee wastani peke yake, maana huwaficha wale waliokaa hadi jioni.

Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota, aliwazoesha wenzake kuuliza “kwa nini” mara tano. Kwa nini ankara ilirudishwa? Haikuwa na namba ya bima. Kwa nini? Mapokezi hawakuiandika. Kwa nini? Fomu yao haina nafasi yake. Kumbe dawa ni kurekebisha fomu, wala si kumwandikia mtu barua ya onyo. Ukiuliza “nani” badala ya “kwa nini”, watumishi wataficha makosa, nawe utabaki gizani. Hospitali ya Virginia Mason huko Seattle, iliyoanza kutumia mbinu za Toyota mwaka 2002, iliweka sera kwamba maboresho hayatamwachisha mtu kazi; nami naona bila ahadi ya namna hiyo hakuna karani atakayekuonyesha mahali kazi inapokwama.

Fomu mpya ijaribiwe katika wodi moja kwa wiki mbili, kwa mzunguko ambao W. Edwards Deming, mtaalamu wa ubora wa kazi, aliueneza: panga, tekeleza, chunguza, rekebisha. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, na pamoja na muda pima pia madhara, kama vile ankara zenye makosa au wagonjwa walioondoka bila dawa. Jaribio likifaulu, andika utaratibu huo kwenye ukurasa mmoja, uwafundishe watu wa zamu zote, ya usiku ikiwamo, na baada ya miezi miwili chukua tena saa na daftari ufuate faili jingine.