Namna ya kubishana siasa za Marekani kwenye malwa bila mtu kuchomoa mrija wake

Sisi hapa Busia, upande wa Uganda, tuna kibanda chetu cha malwa, ile pombe ya ulezi inayovutwa kwa mirija, nyuma ya maduka ya mitumba. Chungu kinakaa katikati, watu kumi na mbili kuzunguka, kila mtu na mrija wake, mama anapita na birika la maji ya moto anaongezea. Kuna madereva wa malori wanaongoja karatasi zao zitoke forodha, kuna maajenti, waboda, walimu wawili, na kwa vile kuna Msamia na Mteso na Mganda na Mkenya na Mkongo mmoja wa Bunia, lugha inabaki Kiswahili. Na mada siku hizi ni Trump. Ukileta habari ya barabara mbovu mnaongea dakika tano, ukileta Trump mnafika saa nne usiku.

Sasa mwezi uliopita dereva mmoja akachomoa mrija. Kama hujawahi kukaa kwenye malwa hutaelewa uzito wake. Alitoa mrija taratibu, akaukung'uta matone, akafuta kile kichujio cha mwisho kwa kidole gumba, akauviringisha duara akautia kwenye mfuko wa koti, na chungu hakijafika hata nusu. Kisa ni mwalimu alisema Trump alishafukuzwa na bunge lao mara mbili, dereva akasema huo ni uongo hajawahi kuguswa, wakaanza kuulizana nani alisoma wapi.

Wote wawili walikuwa na nusu ya ukweli, na hapo ndo nikaona niandike hii kitu.

Kabla hujafungua mdomo jiulize swali moja tu, hili jambo tunalobishania, ufunguo wake uko kwa nani? Yani nani Marekani mwenye nguvu ya kulifanya au kulizuia. Shida yetu sisi ni mazoea, ukisikia serikali imesema unajua kabisa ni nani amesema. Kule funguo zimegawanywa makusudi, nyingine anayo rais, nyingine Kongresi (na Kongresi yenyewe ni nyumba mbili, Baraza la Wawakilishi lenye watu 435 na Seneti yenye watu 100), nyingine mahakama, na funguo nyingi sana ziko kwa majimbo 50 yenyewe. Nusu ya kelele za pale kwenye chungu zinaisha ukishauliza hivyo.

Tuchukue hilo la kufukuzwa. Ufunguo wa kumshitaki rais uko kwa Baraza la Wawakilishi, ufunguo wa kumtoa uko kwa Seneti na lazima wafike theluthi mbili. Trump alishitakiwa Desemba 2019 na tena Januari 2021, hapo mwalimu yuko sawa. Seneti ilipopiga kura ile ya pili walikuwa 57 wanaosema ana hatia, saba wao ni wa chama chake mwenyewe, lakini walihitaji 67, akapona, hapo dereva yuko sawa. Bill Clinton naye alishitakiwa 1998 akapona, Andrew Johnson 1868 akapona kwa kura moja. Hakuna rais wao aliyewahi kutolewa kwa njia hio, Nixon alijiuzulu 1974 kabla hawajamfikia. Kwahiyo ukisikia ameshitakiwa usiseme amefukuzwa. Mngelijua hilo mrija ungebaki ndani.

Alafu kuna ile ya serikali kufungwa, yani ofisi nyingi kusimama kwa kukosa pesa. Oktoba 2025 serikali yao ilifungwa siku 43, ndefu kuliko zote zilizoitangulia, na pale kwetu swali likawa, si Republican, chama cha Trump, wana rais, wana Seneti, wana Baraza, kwanini wanashindwa kufungua mlango wao wenyewe? Swali zuri sana hili na jibu lake linakaa kwenye namba 60. Mwaka wao wa fedha unaanza Oktoba 1 kama wetu unavyoanza Julai 1, na Kongresi ndo inatoa pesa, rais hawezi kujichotea. Seneti ina kanuni yake kwamba sheria nyingi haziendi kupigiwa kura ya mwisho mpaka watu 60 wakubali kufunga mjadala. Republican walikuwa 53. Kwahiyo Democrat, wale wapinzani, wakashika hapo, wanasema hatutoi kura mpaka muongeze muda wa ruzuku ya bima ya afya, Republican wanasema fungueni kwanza serikali tutaongea baadae, na watu wa kuongoza ndege wakawa wanaenda kazini bila mshahara. Nani mwenye makosa? Hapo sasa bishaneni mpaka asubuhi, ni haki yenu, lakini mtu asije akasema rais angetia saini tu ikaisha. Hana kitu cha kutia saini kama Seneti haijampelekea.

Amri za rais ndo zinawachanganya watu zaidi. Amri ya rais na sheria ya Kongresi vinaonekana sawa kwenye taarifa ya habari, lakini amri anayekuja kesho anaifuta kwa kalamu ileile. Kuna sera moja ya kunyima pesa mashirika ya nje yanayohusika na utoaji mimba, Reagan aliileta 1984, Clinton akaifuta 1993, Bush akairudisha 2001, Obama akafuta 2009, Trump akarudisha 2017, Biden akafuta 2021, Trump akarudisha 2025. Ni kama mlango wa choo cha stendi, kila anayepita anaugonga. Sasa fikiria wewe ni kliniki ya Uganda unapanga bajeti ya miaka mitano juu ya mlango huo.

Na hapa nitakaa kidogo manake hapa sio malwa tena. Mapema 2025 jirani yangu mmoja, mama wa watoto watatu, alirudi kutoka kuchukua dawa zake za ARV akiwa na za mwezi mmoja. Alizoea kupewa za miezi mitatu. Akaweka ile chupa mezani kwangu akaniuliza, wewe unaefuata mambo ya Marekani, tumewakosea nini? Sikuwa na jibu la haraka. Ikabidi nitulie nimweleze kwamba Januari 20, siku Trump alipoapishwa, alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje siku 90 waipitie, na kwamba huko kwao sasa wanabishana mahakamani kama rais ana ufunguo wa kuzuia pesa ambazo Kongresi ilishapitisha. Ilipofika Julai 1 mwaka huohuo USAID, shirika lao la misaada, ikafungwa kama shirika, kazi zilizobaki zikaenda wizara ya mambo ya nje.

Ukisimulia hivyo pale kwenye chungu mtu atadakia, unaona, Republican hawatupendi, bora Democrat. Ngoja kwanza. Huo mpango wa dawa wenyewe, PEPFAR, ulianzishwa 2003 na George W. Bush, Republican, na Uganda ilikuwa kati ya nchi za mwanzo kabisa kufaidika. Na aliyetutoa AGOA, ule mlango wa kuuza bidhaa Marekani bila ushuru, ni Biden, Democrat, tukatoka rasmi Januari 1, 2024, baada ya sheria yetu ya 2023 dhidi ya ushoga. Mimi maoni yangu ni kwamba ukivaa jezi ya chama cha Wamarekani ukiwa Busia unajidhalilisha bure, lakini najua watu wana jezi zao tayari, basi angalau zijue historia yake.

Kuhusu jezi, rangi zitakudanganya. Kwetu nyekundu ni NUP, wapinzani, njano ni chama tawala. Kwao nyekundu ni Republican na bluu ni Democrat, na hata hio haina mizizi mirefu, ilikaa sawa baada ya televisheni kutumia ramani hizo kwenye uchaguzi wa 2000. Kuna boda wetu alikuwa akiona ramani nyekundu tupu anashangilia People Power, yani haohao NUP, imeteka Texas.

Sasa dau. Hapa nakiri mwenyewe. 2016 niliweka dau la chungu kizima na rafiki yangu, mimi Hillary Clinton, yeye Trump. Asubuhi Trump kashinda, nikakataa kulipa. Nikachomoa simu nikamwonyesha, angalia, Clinton ana kura nyingi, anamzidi karibu milioni tatu, nilipe wewe! Tulikaa wiki mbili hatusalimiani. Nilikuwa mjinga, manake kule rais hachaguliwi kwa jumla ya kura za nchi nzima. Kila jimbo lina idadi yake ya wajumbe wa kumchagua rais, jumla ni 538, anayefikisha 270 ndo rais. Majimbo karibu yote anayeshinda jimbo hata kwa kura chache anazoa wajumbe wote. Trump alipata 304, Clinton 227. Sisi huku ni asilimia 50 na kura moja, nchi nzima sanduku moja, kwahiyo akili yetu inakataa. Mwaka 2000 Florida iliamuliwa kwa kura 537 tu na Gore, mgombea wa Democrat aliyeongoza nchi nzima, akaenda nyumbani. Alafu 2024 Trump akashinda kote kuwili, wajumbe 312 na kura za wananchi pia, kwahiyo usije ukakariri kwamba Republican hushinda kwa wajumbe tu.

Usiulize tume yao ya uchaguzi imesema nini usiku ule. Tume ya kutangaza mshindi wa nchi nzima kama ya kwetu hawana. Majimbo na wilaya zake ndo wanahesabu, vyombo vya habari vinatabiri kwa hesabu zao, Kongresi inakuja kuhesabu kura za wajumbe Januari 6. Ndo maana mtu akikutumia klipu ya usiku wa uchaguzi ati jimbo fulani limegeuka saa nane, uliza kwanza ni kura zipi zilikuwa hazijahesabiwa, za posta au za mjini, kabla hujapiga kelele ya wizi. Na uliza tarehe ya klipu. Nimeletewa video ya 2020 mwaka huu kama habari ya jana.

Kuna na hili la kijana wetu. Zohran Mamdani alizaliwa Kampala 1991, tangu Januari 1, 2026 ni meya wa New York, na pale kwetu siku aliposhinda mtu alinunua chungu cha pili akisema baada ya hapo ni Ikulu yao. Hapana, mzee. Uraia wa Marekani aliupata 2018 kwa kuomba, na katiba yao inataka rais awe raia wa kuzaliwa. Ugavana anaweza, Seneti anaweza, urais ufunguo wake kwake haupo mpaka wabadilishe katiba, na kubadilisha katiba ile kunataka theluthi mbili za kila nyumba ya Kongresi na robo tatu ya majimbo. Furahia umeya, New York sio Busia.

Kwenye namna yenyewe ya kubishana, nimejifunza dogo tu. Mwache mtu amalize, manake anayeongea hanywi, na wewe unayesikiliza unavuta. Akimaliza usimwambie ni muongo, muulize ufunguo uko kwa nani. Mwalimu muite mwalimu hata kama kakosea, dereva ni mkubwa wako wa barabara mpe heshima yake. Na mtu akianza kutaja kabila la mwenzake kwenye habari ya Marekani, mama ana haki ya kuchukua birika lake aondoke, na kwetu alishafanya hivyo, malwa ikapoa tukanyamaza wote.

Dau linalofuata ni la uchaguzi wa Kongresi, Novemba 3, 2026. Trump mwenyewe hayumo kwenye karatasi siku hio, kwahiyo usikubali dau la Trump atashinda au atashindwa, utagombana bure. Viti vyote 435 vya Baraza vinagombewa, na kama theluthi ya Seneti. Weka dau la namba, nani atafikisha 218, yani zaidi ya nusu, kwenye Baraza. Usidai malipo asubuhi ya Jumatano, saa mbili usiku ya Washington mwezi huo ni saa kumi alfajiri kwetu, na California huwa wanahesabu siku nyingi. Rafiki yangu wa 2016 ameshaniuliza kama nipo. Nimemwambia alete karatasi na kalamu, tuandike 218 kwa namba na kwa maneno, mwalimu atie saini kama shahidi, na mama abaki nayo.