Jinsi ya kumsifia mwimbaji wa opera mpaka sifa iwe na uzito

Ukitoka kuangalia opera, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa, ukaandika "ana sauti ya malaika, ameimba kwa hisia sana", bado hujamsifia mtu, maana hayo maneno unaweza kumpa yeyote. Angalia watu kwenye taarab wanavyotunza. Mtu anainuka na hela yake palepale ubeti ulipomgusa, na ukumbi mzima unajua ni ubeti upi. Andika hivyohivyo.

Tuchukue mfano ambao unaweza kuuangalia mwenyewe YouTube: mwimbaji Maria Callas kwenye opera ya Tosca aliyoitunga Puccini, sehemu ya pili, ilirekodiwa ukumbi wa opera wa Covent Garden, London, Februari 1964, muongozaji Franco Zeffirelli.

Kwanza isome hadithi, maana wanaimba Kiitaliano. Tosca ni mwimbaji wa Roma, mpenzi wake anateswa chumba cha pili, na mkuu wa polisi Scarpia, hapa anaigizwa na Tito Gobbi, anamwambia Tosca: mpenzi wako atapona ukilala na mimi. Usipojua hilo utaona mwanamke analia tu.

Afu angalia mara mbili. Ya kwanza kalamu weka mbali kabisa. Ya pili ndo uandike, na uandike vitendo: mkono ulikuwa wapi, pumzi kavuta wapi, neno gani kalishusha. Na mwangalie zaidi wakati haimbi, hapo ndo wengi wanapoteza. Mi karatasi yangu ilijaa kwenye kile kisu. Scarpia amekaa anaandika barua ya kuwaruhusu watoke Roma, Tosca anaenda mezani kwenye mvinyo, anakiona kisu, na pale hana hata neno moja la kuimba, ni okestra tu inaendelea, lakini ukimwangalia unajua ameshaamua kabla mkono haujakishika. Ukiandika hivyo msomaji anaenda kutafuta dakika hiyohiyo. Na mtaje Gobbi, maana bila yule mtu kutisha vile, Callas angekuwa anamwogopa nani?

Kwenye sauti, kama umewahi kuimba kwaya tayari unajua soprano, ile sauti ya juu ya wanawake, ni nini na noti ya juu inakula pumzi kiasi gani, sa fikiria hakuna maiki na chini yake kuna okestra nzima. Sikiliza Vissi d'arte, wimbo wa Tosca pale anamuuliza Mungu mimi niliyeishi kwa sanaa na mapenzi mbona unanilipa hivi. Callas alikuwa na miaka 40 na sauti yake juu ilikuwa imeshachoka, noti ndefu zinatikisika. Liseme hilo, usilifiche, ukificha kasoro watu hawatakuamini hata pale unaposifia kwa haki. Afu mlinganishe, weka rekodi ya soprano mwingine, Renata Tebaldi, wimbo huohuo, sauti laini imenyooka, kwa uzuri wa sauti tu mi nampa Tebaldi bila kubishana. Ila kwa Callas kila neno linatoka kama ndo kwanza limemjia kichwani, lile swali kwa Mungu linakuwa swali kweli, na hiyo ndo sababu namweka juu. Umeona, sifa imekuja na sababu yake.

Ukimaliza kuandika futa jina la mwimbaji usome upya, kama maneno bado yanamfaa soprano mwingine yeyote basi rudi kwenye video. Mwangalie Scarpia akiwa ameshakufa chini, Tosca kamchoma na kile kisu, afu Tosca anachukua mishumaa miwili anaiweka huku na huku ya maiti, anamwekea msalaba kifuani, yaani mtu ambaye yeye mwenyewe kamuua sasa hivi bado anamzika kama Mkristo. Anza na hapo.