Utando mweupe mdomoni na una VVU? Usiishie kusukutua na chumvi

Wengi tukiona ulimi una weupe tunasema aah joto la tumbo hilo, tunasukutua maji ya chumvi maisha yanaendelea. Sasa kama una VVU, au hujapima siku nyingi, simama mbele ya kioo, washa tochi ya simu, angalia ulimi, kaakaa na mashavu kwa ndani. Zungushia kidole kitambaa safi ufute taratibu. Ukitoka kama maziwa mgando na chini pakabaki pekundu, hapo kuna uwezekano mkubwa ni fangasi, na ukimeza ugali ukasikia kifua kinachoma huenda wameshashuka kooni, nenda hospitali.

Hao wanaitwa kandida na tunaishi nao wote, ila seli za kinga zinazoitwa CD4 ndizo zinaita askari wengine waje kuwabana. Kirusi kinazaliana humohumo ndani ya CD4 na kuziua. Mtu mwenye afya anazo kama 500 mpaka 1,500 kwa mikrolita ya damu, zikishuka chini ya 200 ugonjwa umefika mbali hata kama unajiona uko fiti.

Kwa hiyo usipewe flukonazo, dawa ya fangasi, ukaondoka, ulizia CD4 zako ziko ngapi. Zikiwa chini ya 100 omba na kipimo cha CrAg, hicho kinamtafuta kriptokokasi, fangasi wa kwenye udongo na kinyesi cha njiwa, tunamvuta kwa pua tu na kinga ikiisha anapanda kwenye ubongo. Binamu yangu alimeza panadol wiki mbili nzima kumbe ndiye huyo. Kichwa kisichopoa, homa, kutapika, kuona vitu viwili viwili, hiyo ni emajensi usiku huohuo.

Wakisema wanatoa maji ya uti wa mgongo kumtafuta huyo kriptokokasi kubali bwana, hayo ya kwamba utapooza ni maneno ya mtaani, tena yakitoka presha ya kichwani inashuka unapata nafuu.

Kingine, kama uliacha ARV usizianze kimyakimya nyumbani na kichwa kinauma, sema ukweli. Kriptokokasi akiwa kichwani dawa zake zinatangulia, ARV zinasubiri wiki 4 mpaka 6, maana kinga ikiamka ghafla ubongo unavimba. Kama unazimeza tayari, usiziache mwenyewe.

Na zile Septrin za CTC, yaani kliniki ya VVU, mnazozificha kabatini kisa ni kubwa, zinazuia nimonia ya PCP, ambayo nayo ni fangasi.