Meza za wanne wanne: kuwakutanisha wakunga wabadilishane ujuzi

Kwa wakunga 20, panga meza tano za watu wanne. Wakifika sita mezani, wawili watabaki wasikilizaji tu. Kila meza iwe na karatasi kubwa, maka peni na mwenyeji asiyehama. Raundi ni tatu za dakika 20. Raundi ikiisha wengine hutawanyika kwenye meza nyingine, na mwenyeji huwaeleza wageni, kwa dakika mbili, yaliyosemwa.

Kazi kubwa ni swali. “Tuboreshe vipi huduma?” huzaa hotuba. Uliza: “Mara ya mwisho mama alipotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, nini kilikuchelewesha?” Hapo kila mtu ana la kusema.

Bosi asiwe mwenyeji, watu watapima maneno. Mwishoni kila meza itaje jambo moja. Mkianza kusomeana karatasi nzima, chai itapoa.