Somo: Kupima kanamaisini (dawa ya antibiotiki) kwenye maziwa kwa chembe za dhahabu (soma YOTE kabla ya kuuliza)

Nimechoka kujibu mmoja mmoja, nayaweka hapa.

Dhahabu ya nanomita 13 hufanya kazi ya kimeng'enya cha peroksidezi: ikipewa H2O2 (peroksidi ya hidrojeni) hugeuza TMB, kemikali isiyo na rangi, kuwa bluu. Aptama, yaani uzi mfupi wa DNA, ikiifunika, kazi inazimika. Kanamaisini ikiinasa aptama, bluu inarudi.

1. Osha vyombo kwa HCl 3 kwa HNO3 1, kwenye kabati la moshi. Chupa ya taka yake usiikaze kifuniko, gesi itaipasua.

2. Chemsha ml 100 za HAuCl4 (chumvi ya dhahabu) 1 mM, mimina kwa mkupuo ml 10 za sitrati ya sodiamu 38.8 mM, koroga dakika 15. Iwe nyekundu ya mvinyo, kilele cha ufyonzaji mwanga nm 520. Ikiwa zambarau, anza upya.

3. Jaribu aptama kuanzia 0 hadi 500 nM, chukua kiwango kidogo kabisa kinachozima bluu. Ukizidisha, dawa itaishia kwenye aptama inayoelea bure.

4. Maziwa. Hapa ndipo kazi huharibika. Maziwa mabichi yana laktoperoksidezi, nayo hugeuza TMB bila msaada wa dhahabu yako. Pasha nyuzi 80 kwa dakika 10, kanamaisini inahimili. Weka asidi ya trikloroasetiki 10%, ujazo sawa na maziwa, zungusha 10,000 g dakika 10, chuja maji ya juu. Rudisha pH 7 kwa NaOH tone kwa tone, maana aptama haishiki dawa vizuri kwenye asidi. ANGALIA: hapo umeshatengeneza chumvi, na chumvi hugandisha dhahabu. Zimua mara 10. Kikomo cha Umoja wa Ulaya ni µg 150 kwa kilo, kama 310 nM. Jumla umezimua mara 20 (mara 2 kwa asidi, mara 10 hapa), kwa hiyo unawinda 15 nM. Grafu ya viwango ichorwe kwa maziwa yasiyo na dawa, uliyoyatia viwango unavyovijua, yaliyopita njia hiihii, si kwa maji.

5. Sampuli na aptama dakika 20, kisha dhahabu dakika 10, kisha bafa ya asetati pH 4, TMB 0.5 mM, H2O2 200 mM (viwango vya mwisho ndani ya tyubu). Soma ufyonzaji mwanga kwenye nm 652, tyubu zote kwa dakika ileile.

Swali: Mkuu, zangu zote bluu, hata maziwa yasiyo na dawa. Tatizo nini?
Jibu: Hatua ya 4. Umepasha?
Swali: Yalikuwa ya moto kidogo.
Jibu: Nyuzi 80. Kipimajoto kipo kwa kazi hiyo.

Swali: Dhahabu ikigandana nayo inaelekea bluu. Nitatofautishaje na TMB?
Jibu: Swali zuri. Acha tyubu moja bila TMB. Ikibadilika rangi, ni chumvi. Njia nyingine: dondoshea asidi ya salfuriki. Bluu ya TMB hugeuka njano, nm 450. Dhahabu iliyogandana haigeuki njano.

Swali: Penisilini je?
Jibu: Aptama hii haiitambui. Na kikomo chake ni µg 4 kwa kilo, kuzimua mara 20 kutakumaliza.

Mchangiaji: Niongezee: TMB iyeyushwe kwenye DMSO (kiyeyusho), chupa ya kahawia. Ikiwa na ubluu kabla ya H2O2, tupa.
Jibu: Naam. Na usiichote kwa kijiko cha chuma.