Ukitaja hatari ya mafuriko, taja na muda

Ukimwambia mtu eneo lake lina uwezekano wa asilimia 1 wa kufurika kila mwaka, ataitikia tu na kuendelea na shughuli zake. Mwambie hivi: ukikaa hapa miaka 30, uwezekano wa kufurikiwa angalau mara moja ni kama asilimia 26, zaidi kidogo ya robo. Hesabu ni ileile, ila sasa inamhusu. Kusema "mafuriko ya miaka 100", jina la hatari hiyohiyo ya asilimia 1 kwa mwaka, ndiko kubaya zaidi (wengi hudhani yakishapita, yaliyobaki ni ya wajukuu). Hofu bila la kufanya humfanya mtu azibe masikio, kwa hiyo papo hapo mwonyeshe pa kukimbilia na vya kuinua kwanza: hati, dawa, simu.